Ree mbili zimefungwa: kipigo cha mkosi kwenye poka kina ukubwa gani?

Jumamosi moja ya mvua, kwenye kibanda cha chipsi nyuma ya soko la Mwanjelwa, nilikuta ubishi ulionisahaulisha kilichonipeleka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amepoteza fedha kwenye poka usiku wa kuamkia siku hiyo, na kijiwe kizima kilikuwa kimegeuka baraza la wataalamu. Mmoja alisema karata zilichezewa. Mwingine alisema dogo alikaa kiti chenye nuksi, kile kinachopakana na mlango. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri mishikaki akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyeshinda lazima ana ndagu, yaani uchawi wa kuvuta mali, na hapo watu wakanyamaza kidogo, maana Mbeya neno hilo halitamkwi ovyo.

Mwenyewe alikuwa na hoja moja tu, anairudia kama kiitikio: "Nilikuwa na ree mbili, kaka. Ree mbili! Nafungwaje?"

Ni swali la haki kabisa, na jibu lake halina ndagu ndani. Lakini ili tulifikie, tuanzie mezani.

Poka inayochezwa zaidi siku hizi inaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji anagawiwa karata 2 anazoziona peke yake. Kisha katikati ya meza zinafunuliwa karata 5 za wote: 3 kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Mwisho wa yote, kila mtu anachagua karata 5 bora kutoka kwenye zake na za mezani. Katikati ya hatua hizo watu wanaweka fedha, au chipsi zinazosimama badala ya fedha (si zile za mayai), au wanatupa karata na kutazama wenzao. Wapo wanaopiga mkwara: hana kitu, lakini anamwaga chipsi nyingi ili wenzake waogope wakimbie. Ree, ambayo wengine huiita asi, ndiyo karata kubwa. Ukigawiwa mbili mkononi, hakuna mkono wa kuanzia ulio juu yako.

Na haziji kila siku. Kwa wastani ree mbili hutokea mara 1 katika kila migawo 221. Kwenye meza ya watu waliokaa pamoja, ambapo kwa saa moja karata hugawiwa kama mara 25 hivi, hiyo ni karibu saa 9 za kusubiri. Mtu aliyesubiri saa 9 anaanza kuona kama ana risiti: zimekuja, basi fedha ni yangu. Hapo ndipo maumivu yanapoandaliwa, kabla hata mtu hajafungwa.

Nitatumia maneno mawili hadi mwisho wa makala hii. Kipigo cha mkosi ni pale fedha inapoingia mezani ukiwa mbele kwa hesabu, halafu karata zinazofunuliwa baadaye zinampa mwenzako ushindi. Kuvurugwa ni kile kinachokutokea kichwani baada ya hapo. Watu huyachanganya haya mawili, na kuyachanganya ndiko kunakogharimu.

Trei la mayai

Chukua trei la mayai 30. Muuzaji ni mkweli, anakwambia kabisa kwamba ndani yake kuna viza matano, pengine sita. Unachukua yai moja bila kuchagua, unalipasua juu ya kikaango: viza. Utakunja uso, utafungua dirisha, lakini hutasema umelogwa. Ulijua yamo.

Ree mbili zikikutana na wafalme wawili, na fedha yote ikawekwa kabla karata yoyote ya mezani haijafunuliwa, mambo ni kama kwenye trei lile. Ree hushinda takriban mara 82 katika kila mara 100, wafalme mara 18. Kwenye trei la 30 ni mayai matano na ushee. Tatizo ni kwamba mtu akiambiwa 82, sikio lake linasikia 100.

Viza nayo haina ratiba. Ukiingia na ree mbili dhidi ya wafalme wawili mara 5, uwezekano wa kushinda zote 5 ni kama asilimia 37 tu. Yaani mtu aliyefanya kila kitu sawasawa mara tano ana nafasi kubwa ya kufungwa walau mara moja kuliko ya kutoka mzima. Kufungwa mara mbili mfululizo ni kama 1 kati ya 30. Haitokei kila wiki, lakini kwa anayecheza kila wiki, itamfikia.

Kijana wetu alifungwa na karata ya tano. Mfalme wa uru, aliniambia, na akaigiza hata mkono wa mgawaji ulivyoigeuza polepole. Kabla ya karata ile mwenzake alikuwa na karata 2 tu za kumwokoa kati ya 44 zilizobaki, chini ya mara 5 kwa 100. Ndiyo maana anaiona kama muujiza. Nilimuuliza fedha iliingia saa ngapi. Akasema mwanzoni, kabla ya karata za mezani. Basi hesabu inaanzia pale, kwenye trei la viza matano, siyo kwenye karata ya mwisho. Mfalme yule yule angetokea kwenye zile tatu za kwanza, mkosi ungekuwa na ukubwa ule ule, ila hadithi isingesisimua.

Halafu kuna jambo ambalo wachezaji hulisikia wakalipinga: kipigo cha mkosi humpata aliyekuwa mbele tu. Anayeingia kila mara na karata za ovyo hawezi kupigwa hivi, kwa sababu hakuwa na cha kunyang'anywa. Kwa hiyo kadiri unavyocheza vizuri, ndivyo utakavyokuwa na hadithi nyingi zaidi za kulia. Mtu akikwambia hajawahi kupigwa hata siku moja, chunguza anavyocheza.

Si kila kufungwa ni mkosi

Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Vipigo vingi vinavyosimuliwa vijiweni kama mikosi havikuwa mikosi.

Mfano mmoja ni ree na mfalme mkononi dhidi ya malkia wawili. Mwenye ree na mfalme akifungwa hupiga meza, "na mkono wangu wote ule!" Ukweli ni kwamba alikuwa nyuma tangu mwanzo: malkia wawili hushinda kama mara 57 kwa 100, yeye 43. Ni karibu sawa na kurusha shilingi, na aliyerusha shilingi hana wa kumlaumu.

Mwingine ni yule mwenye ree mbili anayeogopa kuwafukuza wateja. Anaweka kidogo, watu wanne wanaingia kwa bei ya bure, karata zinafunuliwa, mmoja anapata anachotaka. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile hushinda mara 85 kwa 100. Dhidi ya wanne, zinashuka hadi kama 56. Huyu mwenyewe ndiye aliyeongeza viza kwenye trei lake, halafu anauliza nani kamroga.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukishafungwa ni moja: fedha ilipoingia, nani alikuwa mbele, na kwa kiasi gani? Kama ulikuwa wewe, na kwa kiasi kikubwa, ulipigwa na mkosi na huna cha kurekebisha. Kama hukuwa wewe, una kazi ya kufanya, na hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani.

Wakulima wa viazi wa Uyole wanalielewa hili bila somo. Mtu ananunua mbegu safi, anapanda kwa wakati, anapiga dawa ya ukungu inavyotakiwa. Mvua inanyesha siku nyingi bila kuachia, ukungu unapita na shamba. Jirani yake kapanda mbegu za kuokota, kachelewa, viazi vikawa adimu sokoni, akauza kwa bei nzuri. Msimu ujao utamwiga nani? Hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayeacha mbegu safi kwa sababu ya mvua ya mwaka mmoja. Au chukua dereva wa lori anayelipita lori lenzake kwenye kona za Kitonga, asikokuona mbele, akafika Iringa salama na kunywa chai Ipogolo. Kufika kwake hakukumfanya awe dereva mzuri. Mezani lakini tunasahau haya yote, tunampima mtu kwa karata ya tano.

"Zamu yangu imefika"

Imani inayokula fedha nyingi kuliko ndagu ni hii: nimefungwa mara tatu, basi ya nne lazima iwe yangu. Karata hazina daftari la madeni. Zikishachanganywa upya, hazijui nani alilia mgawo uliopita.

Mfano unaotajwa duniani kote ulitokea Monte Carlo mwaka 1913, kwenye gurudumu la bahati lenye rangi nyekundu na nyeusi. Mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia, watu walizidi kurundika fedha kwenye nyekundu, wakiamini imechelewa sana na sasa inakuja. Ilichelewa kuliko mifuko yao.

Wanaocheza kwenye simu nao wana yao: mtandaoni karata zimepangwa, vipigo vya mkosi ni vingi mno. Sehemu kubwa ya hisia hiyo inaelezwa na mwendo tu. Mezani mgawaji anachanganya kwa mikono, watu wanapiga soga, mtu anakwenda msalani. Kwenye simu karata zinagawiwa mara mbili au tatu zaidi kwa saa, na wapo wanaofungua meza kadhaa kwa wakati mmoja. Anayepasua mayai mengi kwa siku atanusa viza nyingi kwa siku.

Sisemi wizi haupo. Chumba cha nyuma kisicho na leseni, karata zilizochakaa hadi kila moja ina alama yake mgongoni, na mgawaji ambaye ni shemeji wa mshindi: hapo shaka ina msingi, na ukidhulumiwa hutakuwa na pa kulalamika. Kumbi halali zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Lakini kufungwa ree mbili peke yake si ushahidi wa wizi. Kungekuwa ushahidi kama zisingefungwa kamwe.

Kuhusu kiti cha mlangoni, sina la kusema zaidi ya kwamba kina upepo.

Kuvurugwa

Tumefika kwenye sehemu yenye bei. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika andiko lao la mwaka 1979, walionyesha kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha. Makadirio yanayotajwa sana ni kama mara mbili. Huhitaji kuwa msomi kulijua hilo: elfu ishirini uliyoiokota Kabwe utaisahau kabla ya Jumatatu, elfu ishirini iliyokudondoka kwenye daladala utaisimulia hadi Pasaka.

Sasa ongeza hisia ya kuonewa. Mtu aliyefungwa kwa uzembe wake anaona aibu, anapunguza kasi. Aliyefungwa akiwa mbele anaona amedhulumiwa, na anayeona amedhulumiwa anadai chake. Anadai kwa nani? Kwa karata, ambazo hazisikii, na kwa yule jamaa aliyemfunga, ambaye sasa anamfuata kila mgawo kama vile wana kesi.

Wamarekani wana neno la hali hii, tilt, walilolichukua kwenye mashine za zamani za gololi. Mchezaji akiitikisa mashine kwa hasira ili gololi iende anakotaka, mashine inajifunga. Anabonyeza, haimsikii. Gololi inaporomoka mbele ya macho yake na zamu imekwisha. Sisi tunasema amevurugwa, na nadhani neno letu ni kali zaidi, kwa sababu linasema kilichoharibika kiko ndani ya mtu.

Dalili zake si ngumu kuziona kwa mwingine. Karata alizokuwa anazitupa saa moja iliyopita sasa anazicheza zote. Dau linapanda bila sababu. Haongei, au anaongea sana. Anatazama salio la simu. Anampigia mtu. Akifikia hatua ya kukopa ili arudishe, na mikopo ya kausha damu ilivyo rahisi siku hizi, hapo poka imekwisha na kimeanza kitu kingine.

Dawa ya kwanza ni ya miguu: inuka. Si baada ya mgawo mmoja zaidi. Mgawo mmoja zaidi ndio ugonjwa wenyewe. Toka nje dakika kumi. Watu wa Mbeya na Njombe tuna bahati, baridi ya Juni na Julai inafanya kazi ambayo mshauri angeilipisha. Ukirudi, kama bado unamtafuta kwa macho yule aliyekufunga, rudi nyumbani.

Dawa nyingine inafanyika kabla ya kukaa. Fedha ya kuchezea inatengwa, na inatengwa ikiwa ni fedha ambayo ikiisha hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kutoka shule wala bosi wa pikipiki atakayekosa hesabu yake. Wachezaji makini hawaendi mezani na mtaji wao wote. Wengi wao husema mtaji uwe walau mara 20 ya unachoingia nacho siku moja, kwa sababu wanajua viza linaweza kufuatana na viza. Mwenye elfu hamsini zote mezani, kipigo kimoja ni msiba. Mwenye hamsini ambaye kaingia na mbili na nusu, kipigo kile kile ni gharama ya siku.

Na kuna daftari. Usiku huo huo au kesho yake andika: karata zangu, karata zake, fedha iliingia lini, nani alikuwa mbele. Matokeo usiyaandike. Itakuwia vigumu kidogo, mkono utataka kuandika "akapata mfalme". Uzuie. Baada ya miezi miwili utakuwa na kitu ambacho hakuna kijiwe kitakupa: orodha ya maamuzi yako bila makelele ya karata ya tano. Ukikuta mara nyingi ulikuwa mbele, endelea. Ukikuta mara nyingi ulikuwa nyuma na ukaita mkosi, basi umeokoa fedha nyingi kwa bei ya daftari la mia tano.

Kusimulia sana hakusaidii. Kila mchezaji ana hadithi yake ya ree mbili na anasubiri tu umalize ili aanze ya kwake.

Niongeze tahadhari moja, maana nimeshasikia vijana wakiihamisha faraja hii mahali isikostahili. Maneno "nilicheza sawa, ila mkosi" yana maana kwenye poka kwa sababu unacheza dhidi ya watu, na uamuzi wako unaweza kuwa bora kuliko wao. Kwenye dubwi hayana maana yoyote. Mashine ile imepangwa irudishe pungufu ya inachomeza, na hakuna namna ya kubonyeza vizuri. Hata poka yenyewe, mwenye ukumbi anakata kamisheni, kwa hiyo watu wenye uwezo sawa wakicheza muda mrefu, wote wanatoka wamepungua. Lazima uwazidi wenzako, na uwazidi kwa kiasi cha kuifidia ile kamisheni. Wengi hatuwazidi.

Mvua ilipopungua pale Mwanjelwa, kijana alikuwa ameshalichoka baraza. Alinielezea hesabu yake, na nilipoisikia nikaelewa kwamba kijiwe kizima kilikuwa kinajadili kitu kisicho tatizo. Kwenye ree mbili alipoteza 15,000. Asubuhi alikuwa ametoka pale bila 63,000, hesabu ya bosi ikiwa humo.

"Sasa ile 48,000 nyingine," nikamuuliza, "ulifungwa na karata gani?"

Alitazama barabarani kwa muda. Mfalme wa uru alikuwa anamkumbuka hadi kona iliyokunjika.

"Aisee, kaka," akasema, "hata moja sikumbuki."